Mzee Aliyesikiza Mabomba kwa Meno

Vijana wa darasa la mabomba, mulembe.

Mwalimu wenu alinipata kando ya barabara nikichoma mahindi, akanunua moja, akala yote akiwa amesimama, halafu akaniambia, "Redio, andika kitu vijana wasome. Hasa hii mambo ya paipu kugonga ndani ya nyumba, inawasumbua sana." Nikamwambia, Mwalimu, mimi niliishia darasa la nane, mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwa simiti kabla ikauke. Akasema, "Andika vile unaongeanga."

Sasa hapo ndipo shida. Kuongea ndiko kuliniharibia kazi.

Mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka thelathini na tatu, meno yote iko, na nimestaafu. Nyinyi mnafikiria kustaafu ni mpaka nywele iwe nyeupe na mtu apewe saa ya ukutani na keki. Mimi nilijistaafisha mwenyewe, bila keki. Vifaa vyote nimeuza isipokuwa bisibisi moja ya mpini wa mbao, na hiyo si yangu. Ilikuwa ya Mzee Musotsi.

Lakini Mwalimu alisema niandike kuhusu kugonga, wacha nianze na kugonga, asije akasema nimekula karatasi yake bure.

Mtu atakuita akwambie, "Fundi, kuja, kuna kitu inapiga ukuta." Usikimbie na nyundo. Muulize kwanza: inapiga ukifungua mfereji, ukiwa umefungua, ama ukifunga? Hizo ni shida tatu na kila moja iko na dawa yake. Kama ni ukifungua, mara nyingi ni hewa imenaswa ndani, acha mfereji wazi itoke. Kama ni ukifunga, hiyo ni maji yenyewe. Maji ikikimbia ndani ya paipu iko na uzito, ni kama ng'ombe anateremka mlima. Hii mifereji mpya ya kusukuma na kidole kimoja inafunga mara moja, pap, kama geti mbele ya pua ya ng'ombe. Anaenda wapi? Anagonga. Na kama paipu haijashikwa vizuri na klipu, inaruka, inapiga ukuta, na mwenye nyumba anaanza kuomba.

Kama inanguruma ukiwa umefungua, toa kichwa cha mfereji uangalie ile mpira ya ndani inaitwa washa. Ikilegea inachezacheza kwa maji kama mdomo wa ng'ombe akicheua. Weka mpya. Kazi ya dakika kumi, lakini usiifanye dakika kumi, mteja atafikiria umemuibia. Kaa kidogo. Kunywa chai.

Hiyo ya kunywa chai nilifundishwa na Mzee Musotsi. Zote nilifundishwa na yeye.

Mzee alikuwa mtu wa Shinyalu, mrefu, mkimya, koti moja ya kijivu mvua na jua. Alikuwanga anakaa kwa benchi mbele ya duka la hadwea hapa mjini, sanduku la vyuma katikati ya miguu, na watu wa Kakamega wakiwa na shida ya maji walikuwa wanajua hiyo benchi vile wanajua stendi. Nilimfuata baada ya shule ya msingi kwa sababu fees ya sekondari haikupatikana. Siku ya kwanza aliniangalia nikiongea, nikiongea, nikiongea, akasema, "Wewe ni redio." Ikawa jina. Hata mama yangu sasa ananiitanga hivyo.

Mzee alikuwa na l na r zake, anazitumia vile anataka. "Redio" alikuwa anasema "Ledio." "Sikiliza" ilikuwa "sikiriza." Neno la kwanza alinifundisha kwa kazi ni hilo. "Ledio, sikiriza kwanza. Mkono inakuja nyuma."

Na alikuwa anamaanisha kusikiza kweli. Anachukua bisibisi ya mpini wa mbao, anaweka ncha kwa paipu, anaweka mpini kwa mfupa, hapa nyuma ya sikio. Si ndani ya sikio, kwa mfupa. Halafu anakwambia, fungua mfereji wa jikoni, funga, fungua wa bafu, funga. Anasogeza ncha hatua moja, anasikiza tena. Mahali sauti ni kubwa na kavu, hapo ndipo paipu inagusa kitu. Ikiwa inatoka mbali, endelea kutembea. Nyinyi siku hizi mko na mashine ya kuchoma paipu za plastiki, mnaunganisha nyumba nzima asubuhi moja, na sisi tulikuwa tunakata chuma na kuchonga nyuzi za kufungia kwa mkono hadi kifua kinauma. Sawa, endeleeni. Lakini hakuna mashine ya kuchoma itakuonyesha paipu inagonga wapi ndani ya ukuta. Bisibisi itakuonyesha.

Wacha niwape kosa langu la kwanza, mcheke sasa kabla mambo ibadilike. Tulikuwa kwa pastor mmoja huko Lurambi. Mzee akanituma nifunge valvu ya nje, ndipo tufungue mfereji wa sinki. Nikaenda nje nikapata msichana wa kazi anaanika nguo, nikamsalimia, akanisalimia, tukaulizana kwa kina nani, nikarudi. Mzee akauliza, "Umefunga?" Nikasema nimefunga. Na mimi nilikuwa nimefunga mazungumzo tu. Mzee akafungua. Maji ikatoka kama imetumwa. Pastor alikuwa sebuleni anaandaa mahubiri, akainua miguu, Biblia juu ya kichwa, kochi zote zikapata ubatizo. Mzee akafunga valvu mwenyewe, akarudi amelowa mpaka koti, akachukua kitambaa akaanza kupangusa sakafu. Alipangusa chumba kizima akiwa amepiga magoti, na mimi nikapiga magoti kando yake. Njiani ndipo akaniuliza, "Huyo msichana anaitwa nani?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi umefurisha nyumba bure."

Huyo ndiye Mzee Musotsi.

Kuna ile ya Mumias pia, ni ya maana kwenu. Mama mmoja wa Kiislamu, nyumba safi sana, alitupokea mlangoni, "Karibuni, karibuni, asalaam aleikum," halafu akashusha sauti, "Fundi, kuna kitu kwa ukuta. Tumesoma dua siku tatu na bado." Ilikuwa inagonga gu, gu, gu, gu, hata mifereji yote imefungwa. Watoto walikuwa wamekataa kuingia chumba hicho. Mzee akaweka bisibisi, akasikiza, akaonyesha juu na kidole. Tukapanda kwa tangi. Ilikuwa boya. Maji ikikaribia kujaa inatengeneza mawimbi, boya inapanda inashuka, inafunga inafungua, na kila ikifunga paipu inagonga chini. Mzee akaomba mkebe mtupu wa mafuta ya kupika, akautoboa matundu na msumari, akaufunga na waya chini ya mkono wa boya, ukaning'inia ndani ya maji. Ule mkebe unashika boya isirukeruke. Kugonga kukaisha. Mama akauliza ilikuwa nini. Kabla Mzee ajibu nikasema, "Alikuwa jini, mama, lakini tumemfunga kwa mkebe." Mama alicheka mpaka akakalia ngazi. Mzee pia akacheka, kwa sababu aliona mama anacheka.

Hapo ndipo nilianza kushuku. Mzee alicheka akiwa amechelewa.

Kabla ya kuwa fundi, Mzee alikuwa na posho mill yake ya kusaga unga huko kwao. Miaka mingi alisimama kando ya injini, toka asubuhi, bila kitu kwa masikio. Injini ilikula masikio yake polepole, na yeye akanyamaza, akaficha. Alikuwa anaangalia midomo ya watu. Ukiongea ukiwa mbele yake, hukosi jibu. Ukiongea ukiwa nyuma, unaongea na koti.

Na bisibisi ilihama. Siku moja nikamkuta amepiga magoti chini ya sinki, mpini si nyuma ya sikio tena. Ameuuma. Ameushika na meno ya mbele, macho amefunga, ncha kwa paipu. Sikio likikufa, mfupa bado unabeba sauti, na meno yameshikana na mfupa wa kichwa. Jaribuni leo mkifika nyumbani: funika masikio yote na vidole, uma bisibisi, mwenzako afungue mfereji. Utashtuka. Mzee hakufundishwa hiyo na mtu. Aliitafuta mwenyewe gizani mwa masikio yake, ili asiache kazi.

Mtu wa akili angenyamaza akavua kofia. Mimi nilipata mchezo.

Tukiwa kwa nyumba ya watu, Mzee ameinama ameuma bisibisi, mimi nasimama nyuma yake nawaambia wenye nyumba, "Msijali, anaonja kama maji iko na chumvi." Wanacheka. "Huyu hata ukimwambia nyumba inaungua, atakwambia asante, na wewe pia." Wanacheka. "Mkitaka kumsengenya, huyu ndiye mzuri. Hamna haja ya kutoka nje." Wanacheka zaidi. Mzee akigeuka anakuta meno ya kila mtu iko nje, na yeye anatabasamu, anaitikia na kichwa, kama mtu ameingia kwa sherehe katikati.

Niliwapenda wale watu wakicheka. Nataka mjue sikumchukia Mzee. Nilikuwa napenda kucheka kwa watu, basi, na yeye alikuwa hapo karibu, na alikuwa rahisi.

Halafu tukaitwa na Madam Khasandi, mwalimu, anaishi Milimani. Nyumba yake ilikuwa na mama yake mzazi, nyanya tulimwita kukhu, mgonjwa wa presha, na kila asubuhi maji ikija na nguvu, mtu akifunga mfereji wa jikoni, ukuta wa bafu unapiga GO! Kukhu anashtuka, anashika kifua. Madam akatuambia, "Daktari amesema asishtuliwe. Sasa ni nyumba inamshtua."

Mzee akauma bisibisi, akatembea na ukuta wa bafu karibu nusu saa. Akatoa penseli akachora msalaba mdogo kwa taili, chini kidogo ya dirisha. Akasema, "Ni hapa. Paipu imekalia nondo. Tuvunje taili mbili."

Na mimi nyuma yake nilikuwa nimeshafanya kazi yangu. Nilikuwa nimemwambia Madam kila kitu: haskii, anaonja, ukimwita Musotsi anageuka Jumatano. Madam alikuwa amecheka mkono kwa mdomo. Lakini aliposikia kuvunja taili, akaacha kucheka. Akaniangalia mimi, si Mzee.

"Redio, huyu mzee haskii kabisa?"

"Kabisa, Madam. Lakini anajua kazi."

"Anajuaje na haskii? Nivunje ukuta wangu kwa neno la mtu haskii?"

Ningesema. Nilikuwa najua vizuri kwamba ule msalaba ni mahali penyewe. Nilikuwa nimeona misalaba yake miaka kumi na kitu na hakuna hata moja iliyodanganya. Lakini nilikuwa nimetoka kumchekesha huyu mama, na nikaona haya kugeuka kuwa mtu wa maana ghafla. Nikainua mabega tu.

Madam akaja mbele ya Mzee, akaongea polepole, akifungua mdomo sana, "Asante, Mzee. Tutawaita." Mzee akafunga sanduku. Njiani akaniuliza, "Amekataa nini?" Nikamwambia, "Anangoja mshahara, Mzee." Akaitikia na kichwa.

Kesho yake Madam akanipigia. "Redio, kuja wewe. Lakini usikuje na yule mzee."

Nikaenda. Nilibadilisha washa, nikashika paipu za nje na klipu, nikapunguza valvu kubwa ili maji isije na nguvu. Kugonga kukatulia. Madam akafurahi, akaambia walimu wenzake. Nao wakapiga. "Ni wewe Redio? Kuja, lakini peke yako, tumesikia yule mwingine haskii." Halafu wale wa Amalemba. Halafu hata wa Mumias. Kila mtu na ile sentensi, kuja wewe peke yako. Nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe, nyumba kwa nyumba, nikidhani nachekesha tu.

Sikumwambia Mzee. Nilianza kwa kumwambia leo naenda kliniki, leo kuna mkutano wa shule ya mtoto. Halafu nikaacha hata kusema uongo, nikaacha kupita ile barabara ya hadwea. Nilikuwa nazunguka na nyuma ya soko. Ilikuwa ni msimu wa kupanda mahindi ilipoanza, na mpaka ikavunwa nilikuwa bado nazunguka.

Kwa Madam, kugonga kukarudi. Mnajua kwa nini, kama mmekuwa mkinisoma. Nilikuwa nimetibu homa nikaacha malaria. Paipu ilikuwa bado imekalia nondo ndani ya ukuta, inasugua kidogo kidogo kila ikiruka. Nikarudi mara tatu. Mara ya nne nikapata alama ya unyevu kwa ukuta, na kukhu alikuwa amelazwa hospitali siku mbili halafu akarudi, amekalia kitanda, anaangalia ule ukuta kama anaangalia mbwa mkali. Nikaweka bisibisi yangu nyuma ya sikio langu zuri la ujana, nikasikiza, nikasikia kila mahali inagonga. Mimi nilikuwa na masikio. Sikuwa nimejifunza kusikiza, nilikuwa naongea.

Nikamwambia Madam, "Wacha nikaite Mzee."

Akaangalia ile alama ya unyevu. Halafu akasema, "Bado yuko?"

Kwa benchi hakuwako, nikachukua pikipiki mpaka Shinyalu. Nilimpata kwa shamba la chai, karibu na nyumba, anang'oa nyasi. Nilizunguka nikasimama mbele yake ili anione. Uso wake ulifunguka, vijana, sijawahi kuona mtu akinifurahia vile, hata mke wangu.

"Ledio! Leo simu imekuja na miguu!"

Hakuuliza nilikuwa wapi. Alinawa, akavaa koti, akachukua sanduku.

Tulipofika, Madam alimshika mkono na mikono miwili. Mzee aliingia bafu, akauma bisibisi, na safari hii hakutembea sana. Akaenda chini ya dirisha. Ule msalaba wa penseli ulikuwa bado kwa taili, umefifia, Madam hakuwa amepangusa pale vizuri. Akaweka kidole juu yake. "Ni hapa," akasema, vile alisema mara ya kwanza, bila kiburi.

Tukavunja taili mbili. Paipu ilikuwa imelala juu ya nondo, na mahali zimegusana ilikuwa imeliwa, inang'aa, nyembamba kama kucha, inatoa machozi ya maji. Kidogo tu ingepasuka. Mzee akakata hicho kipande, akaweka kipya, akakisogeza mbali na nondo, akakishika na klipu mbili. Halafu karibu na mfereji wa jikoni akaweka tii, ile kiungo ya njia tatu, na juu ya tii kipande cha paipu kimesimama wima, urefu wa mkono mpaka kiwiko, juu kimezibwa, ndani hewa tupu. Andikeni hii. Maji ikija na hasira inapanda hapo, inakutana na hewa, hewa inaipokea kama mto wa kitanda. Baada ya miezi maji inaanza kumeza ile hewa, na kugonga kunarudi. Usivunje kitu. Funga valvu kubwa, fungua mifereji yote, maji iishe kabisa, hewa irudi, halafu funga mifereji, fungua valvu polepole. Basi.

Wakati alikuwa anafunga klipu ya mwisho, kichwa chake kikiwa ndani ya shimo la ukuta, mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mahali pangu pa kawaida. Na nikaongea. Nikasema, "Mzee, nisamehe. Nimekuchekelea kwa watu. Nimechukua kazi yako na sikukwambia. Nisamehe."

Madam alikuwa mlangoni na beseni. Alisikia. Akaangalia chini.

Mzee akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Ledio, nipe bisibisi."

Nikampa.

Unaona, ningezunguka. Ilikuwa hatua mbili. Bafu yenyewe ndogo. Lakini mdomo wangu ulikuwa umezoea kuongea na mgongo wake, na kwa uso wake sikuwa najua kusema kitu isipokuwa "ndiyo Mzee" na uongo. Nikajiambia nitasema siku nyingine.

Madam akafungua mfereji wa jikoni, akaufunga pap, makusudi. Ukuta ukanyamaza. Akarudia mara tano. Kukhu akaita kutoka chumbani, "Mbona hamjaribu?" Tukamwambia tumejaribu, kukhu. Akasema, "Mulembe, bana bange," amani, watoto wangu. Na akalala mchana huo, Madam alisema, kwa mara ya kwanza tangu maji iletwe.

Nikamsindikiza Mzee mpaka stendi. Nikasimama mbele yake, nikamwambia vizuri, "Jumatatu nitakupigia, kuna kazi Amalemba, twende pamoja." Akaitikia na kichwa mara mbili.

Jumatatu kazi ikawa ndogo, mfereji mmoja tu. Nikaenda peke yangu. Nikasema nitampigia ya wiki ijayo. Wiki ijayo, binti yake ndiye alinipigia. Mzee alishikwa na kifua, kikamshika siku nne, wakamfikisha hospitali akiwa amechelewa.

Matanga ya kwetu mnaijua. Hema, watu wengi, hotuba ya kila mtu aliyewahi kumuona marehemu akivuka barabara. Msimamizi akaita, "Sasa tusikie kutoka kwa wafanyikazi wenzake. Redio!" Na kabla nifungue mdomo, watu wakaanza kucheka. Walikuwa wamechoka kulia, walinijua, walikuwa wananingoja niwapumzishe.

Nikashika kipaza sauti. Nikasema, "Mimi ndiye nilimharibia Mzee kazi."

Wakacheka.

"Sitanii. Nilikuwa nasimama nyuma yake nikimsema kwa wateja. Nilikuwa nachukua kazi zake nikimficha."

Wakacheka mpaka hema ikatikisika. Mzee mmoja wa kanisa akapiga paja lake, "Huyu kijana! Hata leo!"

Nikasema, "Wazee, ni ukweli." Sauti ikakatika, na kwa sababu ilikatika kama ya kuigiza, wakapiga makofi. Msimamizi akachukua kipaza sauti, akifuta macho. "Redio, asante, badilisha stesheni sasa, tuko na ratiba." Nikarudi kukaa. Mama Rose, mke wa Mzee, alikuwa mbele na shuka mabegani. Alikuwa anatabasamu. Hiyo ndiyo iliniumiza kuliko wale wengine wote.

Tukimaliza kuzika, binti yake akanipa ile bisibisi ya Mzee. Baada ya hapo simu ikilia, "Redio, kuja," nilikuwa nasikia ile sehemu ingine hata kama hawajaisema. Nilienda nyumba mbili. Ya tatu nikaizima. Ndiyo nikanunua jiko la kuchoma mahindi.

Mwezi uliopita nilienda Shinyalu, Jumapili alasiri. Mama Rose alikuwa kwa mlango anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilileta sukari na mkate. Sikukaa kando. Nilivuta kigoda nikakiweka mbele yake, nikakaa uso kwa uso.

"Mama, ile kitu nilisema kwa mazishi haikuwa mchezo."

"Gani, omwana wanje?"

"Watu walikuwa wananipigia mimi. Walikuwa wanasema nikuje bila Mzee, kwa sababu nilikuwa nimewaambia haskii. Nikaenda. Sikumwambia."

Mikono yake ikasimama ndani ya maharagwe. "Tangu lini?"

"Tangu wakati wa kupanda."

Akatoa jiwe moja kwa maharagwe, akalitupa. Halafu akaongea kama mtu anajiongelesha.

"Alikuwa anatoka kwa benchi anafika hapa jioni, namuuliza, umepata kazi? Anasema simu haijalia. Mimi ndiye nilimwambia. Nilimwambia, Baba Rose, pengine inalia na wewe husikii." Akaweka ungo chini. "Basi akaanza kuishika mkononi. Siku nzima, hivi, asikie ikitetemeka. Hata akinawa mikono, alikuwa ananawa moja. Anampa jirani aangalie kama kuna mtu alipiga. Jirani anasema hakuna mtu. Anasema huyo jirani hajui kusoma simu. Ameniambia mara ngapi hapa, Mama Rose, watu wananiita na mimi siitiki, watafikiria nina madharau. Alikuwa anagombana na masikio yake, Redio. Alikuwa anajipiga hapa." Akajigonga kando ya kichwa na vidole, pole pole, mara mbili.

"Haikuwa masikio, mama," nikasema. "Simu haikulia."

"Haikulia."

"Haikulia hata siku moja."

Nilikuwa nangoja anifukuze, na ningeenda.

"Ungemwambia hiyo tu," akasema. "Hata hayo mengine ungeacha. Angefurahi sana."

Akachukua ungo wake akaurudisha kwa magoti.